Pampu, taa na geti la Nyegezi: kompyuta iunganishwe kwa njia gani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Nyegezi, Mwanza, nyumba ipo kwenye mteremko. Maji ya MWAUWASA hayatoki kila siku. Yakitoka yanajaza tanki la chini karibu na geti, halafu pampu ya hosipawa moja inayapandisha hadi simtanki la lita 2,000 lililokaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Kutoka nyumbani hadi kwenye pampu ni kama mita 60. Nataka kompyuta iendeshe pampu, iwashe taa za nje, ifungue geti na inionyeshe umeme unavyotumika. Nina kompyuta ya mezani ya zamani. Dukani wamenionyesha bodi ya rilei ya USB, yaani swichi ndogo zinazoamriwa na kompyuta. Fundi wangu anasema ninunue swichi za Wi-Fi. Rafiki anasisitiza RS-485, ile njia ya kupeleka data kwa waya mrefu. Kaka yangu aliyeko Marekani ana seti ya X10, vifaa vinavyoamriana kupitia waya za umeme za nyumba, na anataka kuniletea bure. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba. Vyote vinne ulivyotajiwa vinafanya kazi, kila kimoja mahali pake. Ila wewe umeanzia dukani, mimi ningeanzia uwanjani na futikamba mkononi. Waya utatoka wapi uende wapi? Na kompyuta ikiganda saa nane usiku huku pampu inazunguka, nani ataizima? Kabla hujayajibu hayo mawili, usinunue hata skrubu.

Tuanze na pampu, maana taa ikigoma utatafuta tochi, lakini pampu ikigoma kuzima utanunua pampu nyingine.

Mota ya hosipawa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 inakula kama ampia 5 ikishachanganya. Pale inapoanza tu, kwa sekunde moja hivi, inaweza kuvuta mara tano au sita ya hapo. Sasa itazame ile rilei ya buluu kwenye bodi uliyoonyeshwa. Imeandikwa 10A 250VAC, na ukiisoma haraka unaona inabeba pampu mbili. Namba ile ni ya mzigo mtulivu kama pasi au hita. Mota ikianza au ikikatwa, cheche inaruka kati ya vile vibati viwili vya ndani, na siku moja vinashikana moja kwa moja. Kompyuta itasema "zima", kitaa cha bodi kitazimika, na pampu itaendelea kunguruma. Kwa hiyo rilei yako, iwe ya USB au ya kitu kingine chochote, kazi yake iwe kuamsha koili ya kontakta tu, yaani ile rilei kubwa ya mizigo mizito. Kontakta ndiyo ibebe pampu. Mwambie muuzaji unataka ya daraja la AC-3 (daraja la mota), ampia 9, koili ya volti 230, na pembeni ya koili muweke kile kifaa kidogo cha rezista na kapasita kinachomeza cheche. Bila hicho, bodi yako inaweza kuwa inajizima na kujiwasha kontakta inapoachia, na utalaumu programu bure.

Kontakta ikae wapi? Mafundi wengi watakwambia kule chini kwenye pampu, na hapo ndipo rafiki yako anapopata hoja ya RS-485, kwa sababu sasa unahitaji kupeleka amri umbali wa mita 60. Kwa karatasi hoja yake ni nzuri. RS-485 imetengenezwa kwa masafa hadi mita 1,200, wakati kebo ya USB 2.0 mwisho wake ni mita 5 na RS-232 ya kompyuta za zamani kwa kawaida huhesabiwa mita 15. Tatizo ni mahali unapoishi. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na nyingi zinapiga usiku, pale pepo za nchi kavu kutoka pande zote zinapokutana juu ya maji. Halafu chini ya Mwanza ni mawe matupu. Fundi akichimbia Nyegezi chuma cha athi (kile cha kupeleka umeme ardhini), mara nyingi kinagonga jiwe mapema sana, na athi iliyokaa kwenye mwamba haipitishi vizuri. Radi ikipiga jirani, ardhi ya getini na ardhi ya nyumbani zinapishana volti nyingi kwa muda mfupi, na waya wako wa data ndio daraja kati ya hizo mbili. Chipu ya kawaida ya RS-485 inavumilia tofauti ya kutoka volti hasi 7 hadi chanya 12 tu. Ikizidi hapo, inakufa, na wakati mwingine inaondoka na kompyuta.

Ushauri wangu basi: usipeleke waya wa data getini. Umeme wa pampu si unatokea kwenye boksi la breka ndani ya nyumba? Kontakta ifungwe hapo hapo, pembeni ya breka. Amri ya kompyuta itasafiri mita moja badala ya sitini, na ule waya mnene wa umeme ambao tayari umelazwa ardhini ndio utakaoipeleka kazi kule chini.

Utaniuliza: na maji ya tanki la chini yakiisha, kompyuta itajuaje? Hapa kuna vifaa viwili vya zamani ambavyo havijui kompyuta ni nini, na ndiyo raha yake. Cha kwanza ni floti ndani ya tanki la chini, inayokata umeme wa pampu maji yakishuka. Cha pili ni presha swichi kwenye bomba la pampu, ikisaidiana na koki ya boya kule kwenye simtanki. Simtanki likijaa, boya linafunga koki, presha inapanda ndani ya bomba, presha swichi inakata. Vyote vinafungwa kwenye laini ya pampu yenyewe, kule kule chini. Ukinunua floti, soma ubavuni. Utakuta kitu kama 16(8)A. Namba ya kwanza ni ya mizigo mitulivu, ile ya kwenye mabano ndiyo ya mota, na ndiyo yako. Presha swichi nayo ipangwe juu kidogo ya presha ya kawaida ya kupandisha maji. Kila mita 10 za kimo ni karibu bar 1, kwa hiyo kama simtanki lipo mita 20 juu ya pampu, bar 2 zinaliwa na kimo peke yake kabla hujahesabu msuguano wa bomba. Angalia pia kwenye kibao cha pampu kwamba ina uwezo wa kuvuka hapo.

Kompyuta sasa inasoma yote hayo bila waya wa ziada, kwa kupima umeme. Kuna moduli moja rahisi, PZEM-004T, yenye pete inayovishwa kwenye waya wa laivu. Inatoa volti, ampia na wati kwa mawasiliano ya "serial", yaani data inayopita biti moja moja, na upande wa data umetenganishwa na umeme mkubwa ndani yake. Kontakta imeshika na ampia ni 5? Pampu inasukuma. Kontakta imeshika na ampia ni sifuri? Floti au presha swichi imekata. Ampia zimeshuka chini ya kawaida lakini si sifuri? Pampu yako, kama ni ya pangaboi, huenda inazunguka bila maji na floti imekwama. Taarifa tatu kutoka kwenye pete moja, na hakuna kitu hata kimoja kilichotoka nje ya nyumba. Agiza tu programu kwamba ampia zikipotea, iachie kontakta na isubiri. Vinginevyo maji yakirudi kidogo floti itanyanyuka, pampu itawaka, itashuka, itawaka tena, na kukesha hivyo.

Simtanki la juu nalo watu hupenda kulipandishia kihisi cha sauti kinachopima umbali wa maji kutoka kwenye mfuniko. Kinafanya kazi, ila mvuke unakigandia, kile kisichoingia maji hakioni kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 hivi, na tena unarudi kwenye waya mrefu unaopanda jiwe, sehemu ya juu kabisa ya kiwanja chako. Wi-Fi? Jiwe la Mwanza halipitishi mawimbi kirahisi, na simtanki lako liko nyuma ya nyumba na juu ya jiwe. Mimi ningeacha maji yenyewe yaseme. Bomba linaloshuka kutoka simtanki kuingia ndani ya nyumba limejaa maji muda wote, na presha yake inategemea kimo cha maji kule juu. Kihisi cha presha chenye nyuzi za robo inchi kinafungwa kwenye bomba hilo jikoni au stoo.

Hesabu yake ni hii. Tuseme kitako cha simtanki kiko mita 8 juu ya kihisi na tanki lina kimo cha mita 1.5. Likiwa tupu kihisi kinaona karibu bar 0.78, likijaa bar 0.93. Kihisi cha bar 2 kinachotoa volti 0.5 hadi 4.5 kitasogea kama volti 0.29 kati ya tupu na kujaa. Ni kidogo, lakini hata Arduino ya kawaida, ile bodi ndogo ya kujifunzia elektroniki, inaweza kuigawa vipande 60, yaani kila kipande ni sentimita mbili na nusu za maji. Ukitumia chipu ya kupima volti ya ADS1115 unapata usomaji laini zaidi kuliko unavyohitaji. Usiamini namba za kiwandani kwa upofu. Pima tanki likiwa limejaa kabisa, pima likiwa karibu tupu, andika volti mbili hizo kwenye programu. Na kwa kuwa mtu akifungua bomba la bafuni presha inashuka papo hapo, chukua usomaji wa juu kabisa ndani ya dakika kumi, achana na wa sekunde moja.

Sasa nani anashika usukani? Si kompyuta ya mezani. Bodi ya rilei ya USB ina ubaya mmoja unaonikera: ikiambiwa "washa" inabaki imewasha hadi iambiwe vingine, na kompyuta iliyoganda haisemi kitu. Kazi ya pampu mpe ESP32, bodi ndogo ya udhibiti yenye Wi-Fi na isiyo na mambo mengi, na kompyuta ibaki kuwa msimamizi wa kuangalia na kutoa maombi. Ndani ya ESP32 andika sheria chache za ukali. Umeme ukirudi, kontakta ibaki imeachia kwa dakika tatu, maana umeme wetu ukirudi mara nyingi hukatika tena kabla hujakaa. Isiposikia kutoka kwa kompyuta kwa dakika tano, izime. Na kuwe na kikomo cha muda: pampu ikitoa lita 40 kwa dakika, lita 2,000 ni dakika 50, basi ikifika dakika 70 izime na ipige kelele. Kuna bodi za rilei zinazowaka pini ikishuka hadi sifuri, na wakati ESP32 inaamka pini zake huyumba. Chagua pini isiyoguswa wakati wa kuamka, na weka rezista ya kuishikilia upande wa kuzima. Ijaribu kwa taa ya kawaida kwanza, chomoa na chomeka umeme mara kadhaa, uone kama inapepesa.

Kwenye mlango wa boksi muweke swichi ya kuzungusha yenye nafasi tatu: mkono, zima, kompyuta. Siku wewe uko safarini na mambo yamegoma, mtu yeyote wa nyumbani aweze kupata maji bila kukupigia simu. Na kazi yote ya upande wa volti 230 ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, hata kama wewe ndiye unayeandika programu.

Kompyuta ya mezani yenyewe ningeipumzisha. Ikila wati 80 mchana na usiku, kwa mwezi ni uniti karibu 58 za LUKU, kwa kazi ambayo Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inaifanya kwa wati 4 au 5. Ila Pi nayo ina adabu zake. Pini zake ni za volti 3.3, ukizigusisha volti 5 unaweza kuiua, na kile kiunganishi cha RS-232 nyuma ya kompyuta ya zamani kinatoa volti kubwa zaidi ya hizo, kwa hiyo usiviunganishe moja kwa moja hata kama vyote vinaitwa "serial". Kadi ya SD inaharibika umeme ukikatika katikati ya kuandika, hivyo tumia SSD na betri ndogo ya kuisogeza hadi izime kistaarabu. Halafu kuna hili ambalo watu hawalifikirii hadi limewakuta: Pi 4 na za nyuma yake hazina saa yenye betri. Umeme ukikatika, ukirudi, na bando limeisha, Pi haijui ni saa ngapi, na taa zako zinaweza kuwaka saa sita mchana. Moduli ya saa ya DS3231 inamaliza tatizo hilo. Inatumia waya za data za I2C, ambazo ni za kuunganisha vitu vilivyo ndani ya boksi moja. Usizinyooshe kwenda chumba kingine.

Kuhusu taa, fundi wako hajakosea, ila amwulize mjenzi wa nyumba swali moja: je, kwenye matundu ya swichi kuna nyutro? Nyumba zetu nyingi, nyutro inakwenda moja kwa moja kwenye taa, na kwenye swichi unakuta laivu na waya wa kurudi tu. Swichi nyingi za Wi-Fi zinahitaji nyutro ili zenyewe ziishi. Zipo za bila nyutro, lakini hizo hupitisha umeme kidogo kwenye taa hata ikiwa imezimwa, na taa za LED hubaki zinamemeta gizani. Kwa taa za nje kuna njia fupi zaidi. Kama laini yake inatokea kwenye boksi la breka, weka rilei ya Wi-Fi hapo hapo, ambako laivu na nyutro zote zipo. Sharti langu moja tu: iwe inaamriwa ndani ya nyumba bila kupitia seva ya ng'ambo. Rilei za kampuni ya Shelly zinaruhusu hivyo, na vifaa vingi vyenye chipu za ESP vinaweza kuwekewa programu huru za Tasmota au ESPHome. Ukiona kifaa kinadai lazima ufungue akaunti kabla hakijawasha taa, mrudishie mwenye duka. Usiku ambao intaneti imekatika ndio hasa unaozitaka taa za nje.

Boksi lolote la nje lizibwe kweli kweli, daraja la IP65 (lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa), na matundu ya waya yawe na glandi, zile nati za mpira zinazobana waya. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi hawaingii peke yao. Wakiingia wao, mjusi anawafuata, na mjusi aliyelala juu ya vituo vya laivu na nyutro anazima mtaa.

X10 ya kaka yako: mshukuru, na usiifunge. Ni mfumo wa mwaka 1975, ulitoka Scotland, na ulikuwa wa akili kwa wakati wake. Unapitisha ishara za kilohezi 120 juu ya waya za umeme, pale mkondo unapovuka sifuri, na unahesabu anwani 256. Lakini vifaa vya Marekani ni vya volti 120. Ukivichomeka kwenye soketi yetu vitaungua. Hata ungepata vya volti 230, inveta, chaja na taa za bei rahisi zinajaza kelele kwenye waya, na moduli nyingi za X10 hazirudishi jibu kwamba amri imefika. Z-Wave ya kule, vifaa vya nyumbani vya redio, nayo iko kwenye masafa tofauti na ya Ulaya, asihangaike nayo. Akitaka kukuletea kitu cha maana, alete kihisi cha presha cha chuma kisichoshika kutu. Kule wanaviandika kwa psi: cha 30 psi ndicho cha bar 2.

Zigbee, redio ya vifaa vidogo vinavyokula umeme kidogo, sijaitaja kwa sababu hujaihitaji. Siku ukitaka vihisi vidogo vya betri kwenye milango, itakufaa. Chomeka kipokezi chake cha USB kwa kebo ya kuongezea, mbali na poti za USB 3, ambazo zinapiga kelele kwenye masafa yale yale. KNX, mfumo wa waya wa majengo makubwa, ni nzuri sana na ni ghali sana, waachie wenye hoteli.

RS-485 nayo usiifute moyoni. Ukijenga nyumba ndogo ya wapangaji huko nyuma, au kama umeme wa pampu unatokea kwenye mita nyingine na siyo kwenye boksi lako, basi rafiki yako atakuwa sahihi. Hapo tumia moduli zilizotenganishwa umeme kila upande, waya uliosukwa jozi ndani ya bomba la plastiki, kutoka kifaa hadi kifaa kwa mstari mmoja bila matawi, rezista ya omu 120 kwenye kila ncha, na waya wa tatu wa rejea.

Kuona matumizi ya umeme wa nyumba nzima ni kazi nyepesi. Mita ya LUKU ina kitaa chekundu kinachopepesa, na usoni imeandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti, mara nyingi 1000 imp/kWh. Kihisi cha mwanga kikibandikwa juu ya kitaa hicho kinahesabu bila kugusa waya wala sili ya TANESCO. Sili usiiguse kwa sababu yoyote.

Geti nimelibakiza mwisho kwa sababu ni dogo, kama lina mota yake tayari. Ndani ya boksi la mota kuna vituo viwili vya kitufe cha kufungulia. Rilei kavu, yaani isiyopeleka umeme wake, inafungwa sambamba na kitufe hicho na inashika kwa nusu sekunde tu. Rilei hiyo iwe na ESP yake yenye Wi-Fi ndani ya boksi la geti, ikilishwa na mota yenyewe, ili hapa napo kusiwe na waya wa data wa mita 60. Vile vihisi viwili vya mwanga vya pembeni vinavyozuia geti lisimbane mtoto vibaki vimeungwa kwenye mota, visipitie kwenye kompyuta. Na hakikisha umeme ukirudi rilei haishtuki hata mara moja, kwa sababu hapo geti litafunguka lenyewe usiku na hakuna aliyeamka kuliona.